Walichofunika ni Uso

Bwana Reindl alimsogezea Wiebke Tessnow kiti, akammiminia chai ya tangawizi, kisha akaenda kufunga mlango mwenyewe. Wiebke akajua pale pale kwamba ataombwa jambo baya. Miaka yote aliyofundisha yoga katika ukumbi wa Hoteli ya Bahari, mkurugenzi huyu alikuwa akizungumza naye kwenye korido tu, mmoja akienda na mwingine akirudi. Chai ilikuwa ya wageni wa ghorofa ya juu.

Alianza kwa kumsifu. Wageni wanayapenda mafunzo yake, wanasema sauti yake inawalaza. Halafu akafika kwenye mkutano wa kijiji wa Ijumaa, ambako hoteli itaomba nguzo ihamishwe. Kila mtu pale Dierswiek aliijua nguzo hiyo. Ni mti uliopakwa rangi ya buluu, uliosimama mchangani tangu enzi za Ujerumani ya Mashariki. Upande wa magharibi watu huoga na nguo zao, upande wa mashariki huoga bila nguo. Hapana ukuta wala mlinzi, na hakuna aliyewahi kuona haja yake. Hoteli ndiyo iliyokuja baadaye, ikajengwa juu ya kilima, na baraza lake likageuzwa kutazama pale pale. Sasa Bwana Reindl alitaka nguzo ipelekwe ng'ambo ya jabali, mwendo wa saa nzima juu ya mawe.

"Wageni wangu wanakunywa kahawa ya asubuhi," alisema, "mara wanaliona kundi lako."

Kundi lenyewe lilikuwa la wanawake kumi na wazee wawili wa kiume, wengi wao wamepita miaka sitini. Kila kiangazi Wiebke aliwafundisha bure, alfajiri, upande wa mashariki wa nguzo, wote wakiwa kama walivyozaliwa.

"Wanaona nini, Bwana Reindl?"

"Bi Tessnow, unajua wanachoona."

"Wanaona watu wananyoosha migongo."

Bwana Reindl alitabasamu kwa subira. Alieleza kwamba yeye si mshamba, na uchi haumsumbui hata kidogo. Huko chini ana sauna, chumba cha joto cha kutoa jasho, ambayo yeye mwenyewe ameitundikia kibao kinachopiga marufuku nguo za kuogelea, kwa ajili ya usafi. Wageni hulipa pesa nzuri kukaa mle bila hata uzi mwilini.

"Basi tatizo si uchi," Wiebke alisema.

Mkurugenzi aliinamia kikombe chake. "Tatizo ni mandhari. Ni..." Alishusha sauti kama anayetaja ugonjwa wa jirani. "Ni umri."

Kisha akasema alichomwitia. Kijiji hakitamsikiliza yeye, mtu wa kuja kutoka kusini. Kitamsikiliza Wiebke, mtoto wa ufukwe ule. Akisimama Ijumaa na kusema kwamba nguzo ikihama si vibaya, ukumbi utakuwa wake kwa miaka mitano mingine. Asiposimama, yuko kijana wa Hamburg anayefundisha yoga juu ya ubao unaoelea bwawani, naye amepiga simu mara kadhaa.

Wiebke alipaswa kuinuka na kwenda zake. Badala yake alisema atafikiri, kwa sababu kodi ya nyumba ilitoka katika ukumbi ule, na viatu vya binti yake, na kila kitu. Tena akaimaliza chai. Alijichukia kwa yote mawili njia nzima hadi nyumbani.

*

Nyumbani walikuwa watatu. Mama yake, Roswitha, alikuwa jikoni akimenya viazi. Nyonga yake moja ilikuwa ya chuma, na alitembelea kigari chenye magurudumu na kikalio. Kila asubuhi ya kiangazi alikisukuma juu ya mbao zilizotandikwa mchangani hadi kwenye nguzo, akakaa, akavua nguo zake, akazikunja vizuri, akashika bega la Wiebke na kuingia majini. Ng'ambo ya jabali hatafika maisha. Na kuoga na nguo hataki. Nguo mbichi mwilini, husema, ni kama kukumbatiwa na shangazi usiyempenda. Kwa hiyo nguzo ikihama, Roswitha hataiingia bahari tena mpaka anakufa, na jambo hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu yeyote.

Wiebke alilelewa kwenye mchanga ule. Kila kiangazi familia yao ilihamia hemani nyuma ya vilima vya mchanga, pamoja na madaktari, madereva wa tramu na wapiga chapa, na hapakuwa na Bwana wala Bi, maana vyeo, kama alivyosema marehemu baba yake, vilibaki kwenye suruali. Roswitha alijifunza kusimama kwa kichwa kutoka kwa muuguzi mmoja wa hema la pili. Serikali iliyatazama mambo ya Kihindi kama yoga kwa jicho la pembeni, kwa hiyo wakayaita jimnastiki ya wafanyakazi, na hakuna aliyewasumbua. Watu wawili wakigombana, kambi nzima iliwapeleka majini hadi kifuani wakae humo mpaka wapatane. Bahari ya Baltiki hata mwezi wa saba haina huruma, na ugomvi ulikwisha haraka. Wiebke alikua akiamini kwamba hivyo ndivyo watu wote wa dunia wanavyomaliza mambo yao.

Wakati wa chakula hakusema alichoombwa. Alisema tu kwamba hoteli inataka kuihamisha nguzo, na kwamba Ijumaa kuna mkutano. Mama yake aliguna. Jette, binti yake wa miaka kumi na mitano, alikuwa amevaa sweta lenye mikono mirefu iliyofika vidoleni, kama kawaida yake. Hata taulo alijifunga mbili. Nyumba nzima haikuwahi kumwambia neno juu ya hilo.

"Afadhali waihamishe," Jette alisema.

"Kwa nini, mwanangu?" Wiebke akauliza.

Jette alisukuma simu yake katikati ya meza, kando ya bakuli la jibini laini. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka juu, kutoka kwenye baraza la hoteli. Bibi mzee alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja juu, mwingine begani mwa mwenzake, mgongo wote wazi. Mtu aliandika chini yake kwamba nyangumi wamepanda nchi kavu. Shule nzima ilikuwa nayo tangu wiki iliyopita.

Roswitha alifuta mikono, akavaa miwani, akaishika simu mbali na macho.

"Mgongo umenyooka," alisema. "Nilidhani umepinda zaidi."

"Bibi, wanacheka."

"Nimekusikia. Kapiga nani?"

"Sijui. Mgeni wa hoteli."

"Angeniambia, ningegeuka."

Jette akacheka bila kupenda, kisha akaanza kulia, kisha akakimbilia chumbani kwake. Roswitha alirudi kwenye viazi vya kesho. Wiebke alimwona akimenya kiazi kimoja tu, duru baada ya duru, mpaka kikabaki kidogo kama kokwa.

*

Asubuhi iliyofuata Roswitha alisema nyonga inauma. Ya pili yake alisema upepo mkali. Kundi lilipomuuliza Wiebke mama yuko wapi, alijibu kwamba anapumzika, na wote wakakubali kwa adabu, huku macho yao yakipanda kwenye baraza la hoteli.

Wiebke aliwafundisha vibaya siku hiyo. Ndani ya ukumbi, wageni wa hoteli hujibana ndani ya nguo zao za bei, matumbo yamevutwa ndani, na mtu aliyevuta tumbo hawezi kupumua. Kazi yake yote kule ni kuwabembeleza waliachie. Ufukweni hakuwahi kumbembeleza mtu. Matumbo yaliachiwa yaning'inie, makovu ya uzazi na ya upasuaji yakapigwa jua, na pumzi zikashuka hadi chini kabisa. Lakini asubuhi hiyo aliwaona wanavuta matumbo. Watu wa miaka sabini waliokaa mchangani maisha yao yote walikuwa wanajificha bila kujijua. Akatamani kurusha mawe kule juu.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake jikoni amevaa koti la kuogea, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni.

"Kaseme," Roswitha alimwambia. "Irmtraud wa kundi lenu amenieleza walichokuomba, kijiji hiki hakina siri. Ukumbi ni mkate wako na wa mtoto. Mimi nimeoga ya kutosha."

"Nani amekufundisha kufunga vifungo, Mama?"

"Umri," alijibu mama yake.

Neno lilikuwa lile lile la Bwana Reindl, na Wiebke alilisikia kama kofi. Mwanamke huyu aliwahi kusimama mbele ya askari wa mpakani waliokuja kukagua kambi na kuwaambia wavue kofia wanapozungumza na watu wasio na kitu mwilini. Leo ameshindwa na simu za watoto wa shule. Wiebke aliona hasira inampanda kutoka kwenye nyayo, na hakuifanyia zoezi lolote la kuituliza.

*

Jumatano jioni sauna ya hoteli ilikuwa ya wafanyakazi. Wiebke alikwenda kama kawaida, akatandika taulo lake, na alipozoea joto akamwona Bwana Reindl ameketi benchi la juu, amefumba macho, bila nguo kama kibao chake kilivyoagiza.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo lingefanywa tu na mtu aliyelelewa mashariki ya nguzo. Alimwona mtu ameweka cheo chake msumarini nje ya mlango, akafikiri sasa wanaweza kuambiana ukweli. Alikaa mkabala naye, akamsalimu kwa jina, bila Bwana.

"Reindl, nimefikiri. Ijumaa sitasema ulichoniomba. Na nitakueleza kwa nini."

Mkurugenzi alifumbua macho kwa mshtuko. "Bi Tessnow, hapa si mahali pake."

"Ndipo pake hasa. Mama yangu ameacha kwenda baharini kwa ajili ya picha iliyopigwa barazani kwako. Unasema wageni wanashindwa kunywa kahawa. Mimi nimekaa hapa nalitazama tumbo lako, na goti lako lenye mshono, na chakula changu cha jioni kitashuka vizuri tu. Ni tumbo la mtu. Limefanya kazi."

Bwana Reindl alikuwa mwekundu, na si kwa sababu ya joto. Alijifunika kwa mikono, akateremka mabenchi mawili kwa hatua moja, akanyakua taulo na kutoka mbio. Taulo alilonyakua lilikuwa la Wiebke. Lake lilibaki pale juu, limeandikwa jina lake kwa uzi wa dhahabu.

Wiebke alidhani wamezungumza. Alirudi nyumbani ameridhika, akalala vizuri. Kwa watu wa nguzo, kuvua nguo ndiko mwanzo wa mazungumzo. Kwa Bwana Reindl na walioko huko atokako, uchi ni wa kimya, kila mmoja anajifanya hayupo, na aliyefungua mdomo ni kama mwizi aliyevunja nyumba. Alhamisi asubuhi Wiebke alikuta kufuli ya ukumbi imebadilishwa. Mlinzi wa hoteli, aliyemfahamu tangu utotoni, alimpa mikeka yake mlangoni bila kumtazama usoni. Alisema wameambiwa kwamba alimvamia mkurugenzi bila nguo. Mikeka ilikuwa mizito na wageni walikuwa wakishuka kwenye basi, kwa hiyo aliipeleka nyumbani kwa awamu tatu, akipita katikati yao kila mara na kuomba radhi.

*

"Umemwambia nini kuhusu tumbo?" Roswitha aliuliza, na Wiebke akarudia. Mama yake akacheka mpaka akashika nyonga. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Nimeshafukuzwa," Wiebke alisema. "Kwa hiyo huna tena cha kuninusuru. Kesho vaa koti lako zuri twende mkutanoni."

Roswitha akaomba aletewe kioo na kijiti chake cha rangi ya midomo.

Ijumaa jioni mkutano ulikuwa katika jumba la zimamoto, magari yametolewa nje, viti vimepangwa sakafuni palipokuwa na alama za mafuta. Mbele aliketi meya wa kijiji, Henning Prohl, mtu mzito mwenye aibu ambaye utotoni alikua hema la jirani na Wiebke. Mama yake mzazi, Irmtraud, mmoja wa kundi la asubuhi, alikaa mstari wa tatu na sindano zake za kufumia soksi. Jette alikuja pia, ila alikaa nyuma kabisa amevaa kofia ya sweta, tayari kukimbia.

Bwana Reindl alizungumza vizuri. Alitaja ajira za vijana, familia zenye watoto, na sura ya kijiji kwa wageni. Alisema hakuna anayekatazwa kitu, nguzo inasogezwa tu. Halafu akawasha mtambo wa picha, na ukutani ikatokea picha ya ufukwe kama unavyoonekana kutoka barazani. Kundi zima lilikuwa pale, safari hii limeelekea kamera, mikono juu. Kwa kulinda heshima ya wahusika, alieleza, sura zao zimefunikwa. Na kweli, juu ya kila shingo palikuwa na kiwingu cha kijivu. Miili iliachwa kama ilivyo.

Wenye nyumba za likizo, waliokaa mistari ya pembeni, walicheka kwa chini. Wanakijiji hawakucheka. Walikuwa wanasoma.

"Wa kwanza ni Gudrun," mtu alinong'ona. "Tazama mshono wa nyongo."

"Gudrun yuko huku mwisho. Huyo ni mke wa fundi saa."

"Ehe, kweli. Gudrun ana nyonga pana."

Bwana Reindl aliduwaa. Hakujua kwamba pale Dierswiek sura ndicho kitu ambacho watu huhitaji kidogo kuliko vyote katika kumtambua jirani. Walijuana kwa magoti, kwa mabega, kwa alama za chanjo. Wangekutana mjini na makoti ya baridi wangepitana bila salamu, na mara nyingi walipitana.

Henning alikuwa ameacha kuandika. Pale pichani, wa pili kutoka kulia alikuwa na kovu la moto lililotandaa kutoka begani hadi kwenye titi. Siku birika la kambi lilipopinduka, mwanamke huyo alijitupa kati ya maji ya moto na mtoto wake wa miaka minne. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa meya. Alilitazama kovu lile ukutani, kubwa kama mlango, na watu wa pembeni wakilicheka.

"Ni mimi, Henning," Irmtraud alisema bila kuacha kufuma. "Usikodoe macho, unanijua."

Hapo Roswitha alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu kigari chake kilikuwa kimenasa kwenye mguu wa kiti, na ukumbi mzima ulisubiri akikivuta. Wiebke alitaka kumsaidia. Mama yake akamzuia kwa mkono.

"Huyo wa katikati ni mimi," alisema. "Bwana, niondolee hilo wingu."

"Mama, sheria inalinda..." Bwana Reindl alianza.

"Siku ile niliamka nikajipaka poda. Nikatia na rangi ya midomo, hii hii. Usoni ndipo mahali pekee nilipojipamba, na hapo hapo ndipo ulipopafuta. Sasa watu wanadhani nilitoka bila kujitengeneza."

Jumba la zimamoto lilipasuka kwa kicheko, na safari hii kilikuwa cha kijiji. Roswitha hakucheka. Alingoja kinyamaze.

"Siku nne sijaenda baharini," alisema. "Siku nne, kwa sababu ya watu wanaoniona bila kichwa. Nilikaa jikoni na vifungo vyangu kama mfungwa. Nimeona haya. Mimi. Sitaki kuyaona tena, ni mabaya sana."

Wiebke akainuka kando yake. Sauti ilitoka imetulia, kama anavyowaambia watu washushe pumzi. Alisema aliahidiwa ukumbi wa miaka mitano ili asimame pale na kuubariki uhamisho. Alisema aliinywa chai ya mkurugenzi na kuahidi kufikiri, na hilo ndilo tendo la aibu alilofanya mwaka huu, si lile la sauna wanalonong'onezana. "Wazazi wangu hawakunifundisha kuvua nguo," alisema. "Hilo hakuna anayefundishwa. Walinifundisha kwamba hapana mwili unaomkosea mtu kwa kuwepo. Mkiihamisha nguzo, mtakuwa mnawaambia hawa kumi na wawili kwamba wanamkosea mtu kwa kuwepo. Basi waambieni wakiwa na vichwa."

Bwana Reindl alisema hayo ni mambo ya ndani ya hoteli. Mtu wa pembeni alidai kura. Mwingine alidai picha izimwe, mwingine akasema iachwe, na sauti zikapanda. Henning aligonga meza bila kusikilizwa.

"Henning," Roswitha aliita, na zikashuka. "Baba yako na marehemu mume wangu waligombea kivuli cha msonobari kiangazi kizima. Wakaja wakamalizia wapi?"

Meya aliangalia karatasi zake, kisha ukuta, kisha mama yake. "Majini," alisema.

"Haya basi."

*

Jua la mwezi wa sita lilikuwa bado liko juu ya bahari. Nusu ya mkutano ilishuka kwenda ufukweni, wengine kwa udadisi tu, mkuu wa zimamoto akisema ndani kuna joto hata hivyo. Bwana Reindl alifuata, akiuliza kila aliyekuwa karibu kama huu ungali mkutano rasmi.

Henning alitundika koti lake juu ya nguzo, na suruali, na mengine yote, akatembea hadi maji yakamfika kifuani bila kusimama, akitoa sauti kama ya ng'ombe. Wiebke akamfuata. Irmtraud aliweka soksi yake mchangani, sindano zikiwa ndani, akaingia na kovu lake. Gudrun, na mke wa fundi saa, na wale wazee wawili, wote wakaingia. Maji yalikuwa makali kiasi cha kukata pumzi, na Wiebke akailazimisha yake ishuke.

Roswitha alibaki ukingoni na kigari chake, koti limefungwa hadi juu. Mikono ilikuwa kwenye kifungo cha kwanza na haikufanya kitu. Kule juu barazani, watu walikuwa wamesogea kwenye kingo. Wiebke aliwaona, na akajua kwamba mama yake amewaona. Alitaka kumwita akashindwa, maana tangu zamani sheria ya kambi ilikuwa moja: hakuna anayeitwa, hakuna anayehimizwa.

Aliyeshuka ni Jette. Alipita katikati ya watu na sweta lake, na kofia, na suruali ya jinzi, akasimama mbele ya bibi yake na kumpa bega.

"Nishike, Bibi."

"Utalowa."

"Najua."

"Na hayo manguo?"

"Siyavui. Nataka hivi."

"Vizuri," Roswitha alisema. "Hapa kila mtu anavyotaka."

Akafungua kifungo cha kwanza, na cha pili, na vyote. Alikunja koti, akakunja gauni, akaviweka juu ya kikalio cha kigari, viatu chini yake vimeelekea bahari. Kisha akanyoosha mgongo, akageuka kuelekea baraza la hoteli ili waone na uso, akakaa hivyo mpaka aliporidhika. Waliingia pamoja, msichana na jinzi zake zikizidi kuwa nzito, bibi akipiga mluzi kwa baridi. Maji yalipomfika shingoni Roswitha alifumba macho, na Wiebke akasikia ile pumzi ndefu ya chini kabisa, aliyofundishwa kabla ya kujua kusoma.

"Nguzo haing'oki," Henning alisema, meno yakigongana. "Nikiwa meya haing'oki. Wiki ijayo tutapiga kura, nitasema haya haya nikiwa na tai. Sasa naomba tutoke."

"Bado kidogo," mama yake alimwambia.

Ukumbi Wiebke hakurudishiwa. Kijana wa Hamburg alikuja na mbao zake, na wageni wakawa wanaanguka bwawani na kufurahi. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jioni ile aliwatangazia watu wakiwa bado majini kwamba Jumatatu alfajiri darasa liko pale pale, aje anayetaka, na mwenye nguo aje na nguo zake.

Bwana Reindl alikuwa amesimama kando ya nguzo, viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini, makoti ya watu yamemzunguka. Waliotoka majini walimpita mmoja mmoja kuchukua nguo zao, na kila mmoja alimsalimu, naye kila mara aliangalia mahali pengine, mpaka hapakubaki mahali pa kuangalia. Roswitha alitoka wa mwisho, ameegemea bega la Jette, maji yakimchuruzika, midomo ya buluu chini ya rangi yake. Alipomfikia alisimama. Akamtazama tai, akamtazama vifungo, akamshika mkono kwa upole, kama walivyofanyiwa wageni wote wa kambi tangu zamani.

"Usione haya, mwanangu," alimwambia. "Siku ya kwanza wengi huwa hivyo."